Modeli ya mlango wa kuchonga: nitume faili la aina gani lifunguke sawasawa kwa kila mtu?

mwimo_wa_kushoto:
Wakuu, habari za kazi. Nina modeli ya 3D ya mlango wa kuchonga, Mtaa wa India, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Imeundwa kutokana na picha 180 za kamera, ikasafishwa kwenye programu ya Blender. Uso wake umeundwa kwa pembetatu milioni 2 na picha moja ya rangi ya pikseli 8192 kwa 8192. Mlango wenyewe una urefu wa mita 2.4. Wanaoihitaji ni watatu: mtengeneza tovuti, mwenye printa ya 3D, na mtunza kumbukumbu. Wote nimewatumia faili la OBJ. Wa tovuti anaona mlango mweupe kama uliopakwa chokaa, tena umelala chali. Wa printa anasema umemfikia mdogo kuliko punje ya mchele. Upo muundo mmoja unaowatosha wote?

Kizingiti:
Mkuu, haupo, usihangaike kuutafuta. Tuanze na huo weupe. OBJ haibebi rangi ndani yake. Inaita faili la pili lenye mwisho wa .mtl, na hilo ndilo linaloita picha. Fungua .mtl kwa Notepad, tafuta mstari unaoanza na map_Kd. Ukikuta kitu kama hiki:

map_Kd C:\Users\ofisi\Desktop\mlango.jpg

basi umempata mchawi. Njia hiyo ipo kwenye kompyuta yako peke yake. Futa, ibaki *map_Kd mlango.jpg*, kisha weka mafaili yote matatu kwenye folda moja na uyafunge kwa zip. Blender inaweza kukufanyia hivyo: wakati wa kutoa OBJ, kwenye Path Mode chagua Copy. Jina la picha lisiwe na nafasi, na herufi kubwa na ndogo zilingane. Windows inasamehe Mlango.JPG ikiitwa mlango.jpg, seva ya Linux haisamehe.

Kulala chali ni suala la mhimili. Blender inahesabu Z kuwa ndiyo juu, programu nyingine Y. OBJ haiandiki popote juu ni wapi, kwa hiyo kila programu inakisia. Kabla ya kutoa faili lolote bonyeza Ctrl+A, chagua All Transforms, ili mgeuko na ukubwa ulioupa mlango viingie kwenye modeli yenyewe.

Wa tovuti mpe GLB, yaani glTF, muundo wa 3D wa kwenye tovuti, iliyofungwa pamoja na picha zake ndani ya faili moja. Kanuni zake zinasema wazi kwamba Y ni juu na kipimo ni mita, hakuna kukisia. Inasimamiwa na shirika la viwango la Khronos Group, toleo la 2.0 ni la 2017, na tangu 2022 ni kiwango cha ISO/IEC 12113.

Nyuzi_3:
Naongezea upande wa printa. OBJ na STL (muundo uliozoeleka kwenye printa za 3D) zinabeba namba bila kipimo. Programu za kuchapa huzisoma namba hizo kama milimita, ndiyo maana mita 2.4 ikawa milimita 2.4. Ukitaka sampuli ya moja kwa kumi, weka Scale 100 unapotoa STL: utapata milimita 240, inaingia kwenye printa yenye kimo cha 250. Au tumia 3MF, ambayo kipimo kimeandikwa ndani.

Ila kuna kubwa zaidi. Mlango uliopigwa picha kutoka barabarani ni ngozi ya mbele tu, hauna mgongo. Printa inataka umbo lililozibwa pande zote. Chagua ukingo wote, uvute nyuma sentimita 10, ziba, kisha kagua kwa 3D Print Toolbox, nyongeza ya Blender, hadi Non Manifold (kingo zenye kasoro, kama zisizozibwa) isome 0.

pwani_render:
Kwa nini asitume muundo wa FBX tu? Programu nyingi za kutengeneza michezo zinaipokea.

Kizingiti:
Zinaipokea, lakini ni mali ya Autodesk na maelezo yake kamili hayajawekwa wazi. Wengine wameijua kwa kuipekua. Kwa mtunza kumbukumbu hiyo si amana ya kuaminika. Yeye mpe PLY (muundo mwingine ulio wazi) au OBJ ya pembetatu zote milioni 2, picha 180 za awali, na faili la maandishi lenye vipimo vilivyochukuliwa kwa futi kamba mlangoni. Picha za kamera haziji na vipimo. Bila urefu mmoja uliopimwa, hiyo 2.4 haina ushahidi.

mwimo_wa_kushoto:
Shukrani sana wakuu. GLB imetoka, rangi ipo, mlango umesimama. Ila kwenye simu inakwama.

Nyuzi_3:
Picha ya 8192 ikifunguliwa inakula MB 256 za kumbukumbu, hata kama JPG yake ni MB 6. Ishushe iwe 2048, itakula 16. Pembetatu zipunguze hadi laki moja kwa Decimate ya Blender, lakini kwanza hifadhi nakala nzito na u-bake normal map kutoka kwake, yaani utoe picha inayobeba michongo midogo na kuivika modeli nyepesi. Bila hiyo, minyororo ya kwenye miimo na maua ya kwenye mfaa (ubao wa katikati ya mlango) yatafutika yawe kama sabuni iliyotumika.