Tupeane uzoefu: siku ya ajali, bima ya pikipiki yako ilikufikisha wapi?

Ndugu zangu, sheria yetu ya Tanzania hairuhusu chombo cha moto kutembea barabarani bila angalau bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo, na pikipiki nayo imo. Lakini wengi wetu tunaikata ili kumridhisha trafiki, wala hatusomi kilichoandikwa.

Naanza mimi. Pikipiki yangu niliikatia bima ya matumizi binafsi kwa sababu ilikuwa nafuu, kisha nikamkabidhi kijana aifanyie bodaboda Mbagala kwa hesabu ya kila siku. Alipomgonga mama aliyekuwa akivuka na ndoo ya dagaa, akamvunja mguu, nilikwenda kwenye kampuni nikiwa na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), ripoti ya polisi, leseni ya kijana na kadi ya pikipiki. Karani aliweka kidole kwenye mstari mmoja: “Matumizi: binafsi.” Ripoti ilikuwa imemtaja abiria aliyepakiwa nyuma na nauli aliyokubaliana na dereva, hivyo madai yakakataliwa. Mama yule nilimhudumia kwa miezi 5 kwa fedha ya mfukoni, na hadi leo anachechemea. Inaniuma, kwa maana tofauti ya bei niliyoikwepa haikufika hata gharama ya picha zake za eksirei.

Mchangiaji, Morogoro: Pole sana, kaka. Mimi niliuziwa stika na wakala wa karibu na stendi. Trafiki alipoingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, hakuona bima yoyote. Siku hizi siondoki kwa wakala kabla sijaihakiki mwenyewe kwenye simu, nikaona jina la kampuni, aina ya matumizi na tarehe ya kuisha.

Mchangiaji, Mwanza: Tukumbuke pia kwamba bima ndogo humlinda yule uliyemdhuru. Mdogo wangu aliteleza kwenye mvua akaigonga bajaji; bajaji ilitengenezwa na bima, ila pikipiki yake na bega lake alijigharimia.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Ninyi mnaowapa vijana pikipiki kwa mkataba, mmeandika nani anayelipia bima inapoisha katikati ya mkataba?

Mchangiaji, Dodoma: Wa kwangu unasema mwenye pikipiki, na nakala ya bima hukaa chini ya siti pamoja na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.