Tupeane uzoefu: fedha za umma kusafisha viwanja vya viwanda vya zamani

Mleta uzi
Wakuu, habari. Jirani na ninapoishi kuna kiwanda cha rangi kilichofungwa siku nyingi. Manispaa imetenga fedha za kusafisha udongo wake pajengwe nyumba na bustani. Kikaoni mhandisi alituonyesha mchoro mzuri, miti na watoto wakikimbia. Nikauliza, chini kuna nini? Akajibu, "Tutajua tukishachimba." Nimelala nalo hilo jibu wiki nzima. Waliopitia haya, iwe kazini, jirani au kwenye bajeti, mwageni hapa.

Fundi Chepeo
Hilo jibu ndilo lililotumaliza sisi. Nilikuwa msimamizi kwenye kiwanja kilichokuwa karakana. Fungu lilikuwa la kuchimba mita moja na kusomba udongo, basi. Siku ya tatu ndoo ya katapila ikagonga chuma: tangi la mafuta ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Lilipotikisika likatema maji meusi, juu yake utando wa rangi rangi kama mgongo wa mende. Kazi ikasimama. Fedha zilizobaki zikaishia kwenye pampu, uzio na walinzi. Miezi kumi na moja tunalinda shimo!

Mkuu, fedha ya kupima itangulie, na isichanganywe na ya kuchimba. Marekani, tangu sheria yao ya 2002 ya ardhi za namna hii, ruzuku ya uchunguzi na ruzuku ya usafishaji ni mafungu mawili tofauti. Kiwanja kisichojulikana ugonjwa wake hakuna benki itakayokigusa. Kikishapimwa, hata majibu yakiwa mabaya, mtu anaweza kukaa akapiga hesabu.

Mama Pacha
Sisi walipima, tena vizuri tu. Kijana alikuja na kifaa kama drili, akakigusisha ardhini pale wanangu wanapochezea, namba ikatokea: 310. Madini ya risasi, miligramu kwa kilo. Akaniambia nisihofu, mwisho ni 400. Kipimo chenyewe walikiazima Marekani. Mwaka 2024 wenyewe Wamarekani wakakishusha kwenye makazi hadi 200, lakini kwetu orodha ya sehemu za kusafishwa ilishafungwa, ua wangu haumo.

Tena hata namba ingezidi ningeambiwa fedha ni za ndani ya uzio wa kiwanda. Vumbi lililotoka humo miaka yote lilikuwa linaruka kwenda wapi, kama si kwetu?

Karani Mstaafu
Nimekaa kwenye vitabu vya hesabu muda mrefu, acheni niongee ya fedha.

Kila mtu anaimba "aliyechafua alipe". Sawa, lakini yuko wapi? Kwetu kampuni ilifilisika, jengo likabaki na popo. Marekani walilikabili hilo mapema. Baada ya kashfa ya Love Canal, mtaa uliojengwa kando ya taka za kemikali zilizofukiwa, wakatunga sheria ya Superfund mwaka 1980, na kodi ikawekwa kwa viwanda vya mafuta na kemikali ili kusafisha maeneo yasiyo na mwenyewe. Kodi ikakoma mwisho wa 1995. Mfuko ukaanza kukauka, mzigo ukahamia kwa mlipakodi wa kawaida. Ile ya kemikali ilirudishwa kwa sheria ya 2021. Robo karne hiyo!

Kosa letu lilikuwa jingine, na linaniuma hadi leo. Tulisafisha kwa fedha za umma, kiwanja kikauzwa kwa bei ya kiwanja kichafu. Mnunuzi akakaa kidogo, akakigawa vipande, akauza kwa bei ya kiwanja kisafi. Mkataba haukuwa na hata mstari mmoja wa kuirudishia manispaa chochote thamani ikipanda. Niliuona kabla haujasainiwa. Nikanyamaza.

Kijiko cha Uji
Mie sina la kuchangia, natandika mkeka hapa.

Mpima Visima
Niongeze la maji. Kiwanja chetu kilikuwa drai klina. Dawa yao ni nzito kuliko maji, ikivuja inazama chini kabisa, na mvuke wake unaweza kupanda hadi ndani ya nyumba itakayojengwa juu. Udongo ukasombwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Visima vya uangalizi tulivyochimba vilitakiwa kupimwa miaka na miaka. Fungu halikuvuka bajeti ya pili. Juzi nimepita, kufuli la kisima namba nne limeota kutu, ufunguo hauzunguki.

Mleta uzi
Fundi Chepeo, swali. Kwenye ukuta wa kiwanda chetu kuna bomba limechomoza, mdomo umezibwa kwa saruji. Ni la nini?

Fundi Chepeo
Huenda ni la kupumulia tangi. Piga picha leo, kabla hawajabomoa ukuta. Halafu tafuta mzee yeyote aliyefanya kazi humo, muulize lori la mafuta lilikuwa linaegesha upande gani.