Betri gani inafaa tochi ndogo ya nyumbani?

Mkazi wa Umoja:
Hamjambo wenzangu. Ninaishi orofa ya tano, na stima ikipotea hutumia tochi ndogo ya betri moja ya AA kumshika mama mkono tukiteremka ngazi. Wiki jana ilikataa kuwaka. Nilipofungua kifuniko nilikuta ungaunga mweupe umeganda kwenye springi, na betri ya alkalini niliyoiacha humo tangu mwaka jana imenata ndani. Je, tochi hii itaokoka, na nitie betri ya aina gani?

Fundi, Barabara ya Luthuli:
Pole sana. Ungaunga huo ni mabaki ya potasiamu haidroksaidi iliyovuja kutoka kwenye betri. Vaa glavu, chovya kijiti cha pamba kwenye siki, usugue springi mpaka ing'ae, uipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha uiache ikauke kabisa. Ikiwa chuma hakijalika, tochi itawaka.

Kwa matumizi yako ningechagua betri za kuchaji za NiMH, hasa zile zinazotunza chaji, kama za chapa ya Eneloop, kwa sababu hata zikikaa mwaka mzima kwenye droo hubakiwa na sehemu kubwa ya chaji, ilhali NiMH za zamani huisha zenyewe katika miezi michache. Volti zake ni 1.2 badala ya 1.5, na wengi huogopa tofauti hiyo bure: alkalini huanza na 1.5 lakini hushuka kadiri inavyotumika, na mwanga hufifia nayo, wakati NiMH hushikilia volti zake karibu mpaka mwisho.

Mwanachama, Kawangware:
Mimi niliuziwa ya litiamu inayoitwa 14500, nikaambiwa mwanga wake ni mkali zaidi. Inaingia vizuri kabisa.

Fundi, Barabara ya Luthuli:
Ndugu, itoe kwanza. Inaingia kwa kuwa umbo lake linakaribiana na la AA, lakini ina volti 3.7, na ikijaa chaji hufika 4.2. Tochi ambayo mtengenezaji hakuandika kwamba inaikubali inaweza kuungua. Tena ukiona imeandikwa 3000 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri, usiamini. Za kweli huwa karibu na 1000 au chini.

Mkazi wa Umoja:
Asante sana, fundi. Na ya akiba je, ya kumwachia mama kando ya kitanda?

Fundi, Barabara ya Luthuli:
Hapo nunua AA ya litiamu ya volti 1.5 isiyochajiwa. Ni ghali, lakini ni nyepesi, hukaa miaka kumi au zaidi bila kuharibika, na ni nadra kuvuja. Iache ndani ya pakiti yake, nje ya tochi.

Mkazi wa Umoja:
Nimesugua springi kwa siki mara mbili, na jioni hii tochi imewaka. Kesho nitanunua NiMH nne na chaja yake.