Furaha ya Krismasi inaliwa na maandalizi: tupange vipi?

MamaUyole
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kutoka Mbeya. Tarehe 25 tunategemea wageni kama 30, wengine kutoka Dar, wengine Kyela na Tukuyu. Mahindi yameota na yanadai palizi. Kwaya ina mazoezi karibu kila jioni, na Januari shule zinafunguliwa. Kila mwaka mkesha unanikuta nimechoka, hasira iko mlangoni, ibada naisikia kwa mbali. Kumtumaini Bwana najua. Naomba mniambie mambo ya kufanya kwa mikono: nianze lini, nipunguze nini, nisali vipi, na chakula cha watu 30 nikipangeje.

Mwinjilisti_Rungwe
Asifiwe sana mama. Kinachowaumiza wengi ni kalenda. Tumeifanya Krismasi kuwa siku moja, wakati kanisa limeiwekea nafasi pana: Majilio, Jumapili nne za kujiandaa, kisha siku 12 za kusherehekea kuanzia 25 Desemba, na Epifania, sikukuu ya mamajusi waliomjia Yesu, tarehe 6 Januari. Ukirundika yote kwenye tarehe 24 na 25, lazima uchoke, hata uwe mcha Mungu kiasi gani. Kwa hiyo gawa wageni kabla ya kugawa kazi. Wa Dar wana siku chache, hao wale tarehe 25. Wa Kyela na Tukuyu wako karibu, waalike tarehe 27 au Jumapili inayofuata. Wapigie mapema, mwanzoni mwa Desemba, ili asijisikie mtu kuwa amesukumwa pembeni. Waambie wazi kwamba unataka mpate nafasi ya kukaa na kuongea.

Kuhusu sala: Injili ya Luka ina sura 24. Anza tarehe 1 Desemba, sura moja kwa siku, utamaliza mkesha wa Krismasi. Wengi hukwama siku ya kwanza kabisa kwa sababu sura ya 1 ina mistari 80. Ikate, nusu asubuhi na nusu jioni. Siku ukikosa, usirudi nyuma kulipa deni la sura, soma ya siku hiyo na uendelee. Anayelimbikiza sura tatu huacha kabisa. Soma kabla hujashika simu, maana ukishaona ujumbe wa kundi la familia akili imeshaondoka.

Jumapili ya tatu ya Majilio tangu zamani ni Jumapili ya furaha, na somo lake ni Wafilipi 4:4-7. Paulo anaandika "Furahini katika Bwana sikuzote" akiwa kifungoni, halafu papo hapo anagusa wasiwasi: "Msijisumbue kwa neno lo lote", na anatoa njia yake, kusali na kuomba pamoja na kushukuru. Basi fanya hivyohivyo kila jioni kwa dakika tano. Taja jambo moja linalokutia wasiwasi kwa jina lake (palizi ya shamba fulani, sare ya mtoto fulani), omba juu yake, kisha taja jambo moja la siku hiyo unaloshukuru. Sala ya "Bwana utusaidie kwa yote" haipunguzi mzigo kwa sababu mzigo wenyewe haujatajwa.

Na mkumbuke Martha, aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake, Luka 10:38-42. Bwana hakumkemea kwa kupika. Alimwambia anasumbuka "kwa ajili ya vitu vingi". Angalia hapo kwenye vingi.

Jiko_la_Mafinga
Kamwene mama. Nashika hapo pa vitu vingi. Pilau, kachumbari, matunda, chai, basi. Ukiongeza wali wa nazi, chapati na makange, umeongeza masufuria matatu na watu watatu wa kusimama jikoni wakati wenzao wako ibadani.

Kwa watu 30 wakiwemo watoto, mchele kilo 5, nyama kilo 5, viazi kilo 3, vitunguu maji kilo moja na nusu, mafuta nusu lita. Usipike kilo 5 kwenye sufuria moja. Uzito wa mchele wa juu unaukandamiza wa chini, chini kunakuwa bokoboko na juu kunabaki kiini. Tumia masufuria mawili, kilo 2.5 kila moja, kwa supu ya lita 3.5 hivi ikiwa mchele umelowekwa dakika 20. Mchele mpya upunguzie supu kidogo. Supu ikikaribia kukauka, punguza moto chini na upalie makaa juu ya mfuniko, dakika 25 bila kufunua. Kila unapofunua mvuke unatoka, na hapo ndipo kiini kinapobaki.

Kumbuka pia tuko juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Nyama na maharage vinachelewa kuiva kuliko anavyozoea mgeni wa Dar. Chemsha nyama tarehe 24 mchana, supu yake iache ipoe na uihifadhi pamoja nayo. Asubuhi ichemshe tena mpaka itokote kabla ya kukaanga.

Mkaa nunua Novemba, uweke mahali pakavu juu ya mbao. Mkaa wa Desemba una mvua ndani yake, unapasuka, unatoa moshi, unachukua muda mrefu kushika. Mchele, mafuta, sukari na vitunguu nunua wiki ya kwanza ya Desemba. Nyanya na matunda tu ndiyo yasubiri tarehe 23.

MamaUyole
Mungu awabariki. Wa Kyela nawahamishia tarehe 27. Na kwaya? Tuna nyimbo nane mpya.

Sauti_ya_Tatu
Nane ni nyingi mno kwa ibada moja, mama. Msemeshe mwalimu wenu kwa upole. Tatu zinatosha mkesha na asubuhi ya tarehe 25, nyingine zipangwe Jumapili zinazofuata mpaka Epifania, bado ni majira ya Krismasi na mtu hatakosa kuzisikia. Wimbo mpya usifundishwe baada ya Jumapili ya pili ya Majilio. Baada ya hapo ni kusafisha tu: sauti ya pili na ya nne peke yao dakika 15, kisha wote. Mazoezi ya mwisho yawe tarehe 22, tarehe 23 koo zipumzike. Kwaya nyingi hukesha tarehe 23 zikikazia, asubuhi ya sikukuu soprano hazifiki juu na watu wanalaumiana. Kwaya iliyonuniana inaimba kwa sauti ngumu, msikilizaji anasikia.

Vitambaa vya sare vifike kwa fundi katikati ya Novemba. Desemba fundi mmoja anashika kwaya nne na nguo za watoto wa mtaa mzima.

Mhazini_Iringa
Tumsifu Yesu Kristo. Naongezea la fedha, maana ndiko hasira nyingi zinakotoka. Ukipata pesa ya Desemba, tenga bahasha nne kwa mpangilio huu: Januari ya watoto, shamba, sehemu ya asiye na kitu, halafu sikukuu. Sikukuu inakuja mwisho, inachukua kilichobaki. Ukiianza sikukuu, Januari utaangukia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Bahasha ya tatu usiiruke hata iwe ndogo. Nehemia 8:10 tunapenda kuunukuu kwa "furaha ya BWANA ni nguvu zenu", ila mstari huohuo unaagiza kwanza kula, kunywa, na kumpelekea sehemu yule asiyeandaliwa kitu.

Palizi ya kwanza ifanyike wiki mbili hadi tatu baada ya mahindi kuota, kabla ya mbolea ya kukuzia, la sivyo magugu yanakula Urea yako. Vibarua wapate mapema, wamalize kabla ya tarehe 20, na walipwe siku hiyohiyo. Nao wana watoto wanaosubiri nguo.

Kwenye ukoo wako kama kuna aliyefiwa mwaka huu, usimbembeleze achangamke. Tarehe 28 Desemba kanisa linawakumbuka watoto waliouawa Bethlehemu, Mathayo 2:16-18, kwa hiyo kilio kina nafasi ndani ya Krismasi yenyewe. Mtembelee siku hiyo na sukari na majani ya chai, kaa naye saa moja. Tarehe 25 asipotaka kuja, sahani yake mpeleke mtoto mapema, kabla wageni hawajaanza kula.