Injera alidumu vipi Shujaa miaka yote ile?

Winga_Kushoto:
Wadau, habari zenu. Nina miaka 21, nacheza winga kwenye klabu ya ligi ya chini, na mzunguko wa kitaifa wa raga ya wachezaji saba unakaribia. Kila mtu ananiambia nina mbio za kuitwa Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba. Sawa, lakini nimeona vijana wenye mbio za kutisha wakiitwa msimu mmoja, halafu kimya. Winga wetu Collins Injera alikuwepo Kombe la Dunia la Dubai 2009, na Olimpiki ya Tokyo ilipochezwa 2021 bado yumo. Alikuwa na nini? Na tafadhali msiniambie "bidii".

Kocha_wa_Jioni:
Kijana, mbio zinakufikisha kambini tu. Mimi nanoa vijana jioni nikitoka kazini, na kila nikienda mashindano ya Dala pale Kisumu au Driftwood kule Mombasa, winga simwangalii Jumamosi. Namngoja Jumapili alasiri, jua linachoma, kifundo kimefungwa bandeji, miguu imeshachoka na mechi za jana. Mpinzani amepenya upande ule mwingine wa uwanja. Je, huyu wangu anageuka kumfukuza, au anashika kiuno na kutazama? Wengi wanapotelea hapo, na zile video fupi wanazojipigia debe nazo hazionyeshi hilo.

Halafu kuna kazi ambayo mawinga wetu hawaipendi: kuufuata mpira wa kuanzisha. Kwenye saba, aliyefunga ndiye anayepiga, kinyume na raga ya kumi na tano. Kwa hiyo umetoka kukata uwanja mzima, umeweka trai, yaani umeugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, mapafu yanawaka, na papo hapo unatakiwa uruke kuupokonya mpira hewani. Mkiupata, wapinzani wanaweza kukaa dakika mbili tatu hawajaushika, na kipindi kizima ni dakika saba!

Itafute fainali ya Singapore ya Aprili 2016, enzi za kocha wa Shujaa, marehemu Benjamin Ayimba. Tuliwapiga Fiji 30-7, Injera akafunga mbili. Itazame mara ya pili bila kuufuata mpira; mfuate winga wakati hana kitu mkononi. Mwezi uliofuata, London, Injera akaipita rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina ya trai 230 kwenye msururu wa dunia, yale mashindano ya kila msimu yanayozunguka nchi mbalimbali, na akaja kufikisha 279. Mtu wa kusubiri kuletewa mpira hafiki huko.

Shabiki_Sugu:
Na Dan Norton wa Uingereza akampita 2017 kwa mbio tupu. Mnasemaje hapo? 😂

Kocha_wa_Jioni:
Norton naye alicheza zaidi ya miaka kumi. Umenisaidia hoja, asante.

Nesi_wa_Pembeni:
Kocha, umesahau msuli wa nyuma ya paja. Nimekaa pembeni ya uwanja na vijana hawa miaka mingi, na ndio unaowamaliza mawinga. Mashindano ya kimataifa yamezoea kuja mawili mawili: Dubai wiki hii, Cape Town wiki ijayo, katikati ni ndege. Paja lililochanika haliponi kwa wiki moja, lakini kijana anaogopa kupoteza nafasi, ananyamaza, anacheza. Likichanika mara ya pili sehemu ileile, msimu umekwisha. Mdogo wangu, ukisikia linavuta, sema siku hiyohiyo, hata kama kocha atakununia.

Na chuo usiache. Kenya iliposhuka kutoka kwenye msururu London 2023, tulirudi kwa kupigania mchujo mwaka uliofuata. Mtu asiye na kitu kingine anaishije mwaka kama huo? Humphrey Kayange, kakake Injera, alicheza na kusoma, na baadaye akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Winga_Kushoto:
Asanteni sana. Chuo siachi, dada. Kocha, swali moja: mimi ni mfupi. Huo mpira wa hewani nitaupata wapi mbele ya majitu?

Kocha_wa_Jioni:
Si lazima uudake. Chelewa hatua moja ili ufike ukiwa kwenye mwendo, ruka na mguu mmoja, macho kwenye mpira usije ukamvaa aliye hewani ukala kadi. Upige tu kwa kiganja kurudi kwa wenzako, wao watajua la kufanya. Tafuta mwenzako wa kukupigia, anza kesho, na uanze ukiwa umeshachoka.