Cheo cha Lord Delamere hurithiwaje, na ardhi huandamana nacho?

MkaziWaNgara: Wadau, hamjambo. Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue kabla ya uhuru. Delamere yupi, na wamekuwa wangapi? Na mwenye cheo akifa, mrithi wa cheo ndiye anayepata mashamba?

Shajara: Barabara ilipewa jina la Lord Delamere wa tatu, Hugh Cholmondeley (hutamkwa Chamli), 1870–1931; Delamere ni jina la cheo chake cha baroni, yaani ubwana wa Kiingereza wa kurithi. Sanamu yake ilikuwa pale pale karibu na hoteli ya New Stanley, ikang'olewa wakati wa uhuru. Cheo ni cha 1821, Mfalme George IV alipompa Thomas Cholmondeley wa Vale Royal, Cheshire. Huyu wa tatu alikirithi 1887 akiwa na miaka 17, miaka kumi kabla ya kukanyaga huku. Wa nne alifariki 1979, wa tano 2024, sasa ni wa sita.

Jihadhari na cheo cha Delamer cha 1661, kisicho na "e" mwishoni. Hicho ni cha ukoo wa Booth na kilikoma 1770. Ukikichanganya na hiki, hesabu yote ya mabaroni inaharibika.

KaraniWaMirathi: Ndugu, cheo hakiandikwi kwenye wosia. Hufuata hati ya mfalme: wanaume wa damu yake, waliozaliwa ndani ya ndoa. Binti hapati, wala mtoto wa kuasili. Watu hukosea hapa: mwana mkubwa akitangulia kufa na kuacha mwana, mjukuu huyo humpita ami yake. Mwana wa pekee wa baroni wa tano alifariki 2016, ndiyo maana 2024 cheo kilimwendea mjukuu. Asiyekitaka ana miezi 12 ya kukikana, kwa sheria ya Uingereza ya 1963. Na tangu 1999 hakimpi mtu kiti katika bunge la Uingereza moja kwa moja.

Ardhi ni habari nyingine kabisa. Hiyo inafuata sheria za Kenya, na kwa Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya, asiye raia hukodishwa tu, isizidi miaka 99.

MkaziWaNgara: Asante sana. Na ile ardhi ya kwanza ya Delamere huyo wa tatu, ya Njoro, ilitolewa kwa masharti gani?

Shajara: Mwaka 1903, ekari 100,000, miaka 99, kodi paundi 200 kwa mwaka. Piga hesabu, paundi wakati huo ikiwa peni 240: takribani nusu peni kwa ekari. Mwaka uliofuata Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa hadi Laikipia, na 1911 wakahamishwa tena kusini.