Tupeane uzoefu: bima ilipokataa kulipia tiba ya mtoto

MamaNuru: Nimefungua mada hii baada ya kumsikia mzazi mwenzangu kwenye foleni ya kliniki akisoma barua inayofanana karibu neno kwa neno na ile niliyowahi kuipokea mimi, yenye maelezo kwamba huduma iliyoombwa haikidhi kigezo cha ulazima wa kitabibu. Mwanangu ana usonji, na tiba ya kuongea aliandikiwa na daktari bingwa wa watoto, lakini mtu ambaye hajawahi kumtia machoni aliamua kwamba haihitaji. Naomba wale ambao bima iliwahi kuwakatalia tiba ya mtoto, iwe ya kuongea, ya viungo au tiba kwa vitendo, waeleze waliandika nini katika rufaa na walijibiwa nini.

Kipepeo: Umenigusa penyewe, dada. Nasi tulijibiwa hivyo hivyo.

BabaPacha: Kwetu sababu ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mkataba wetu ulisema kwamba bima italipia tiba inayomrejeshea mgonjwa uwezo alioupoteza kwa maradhi au ajali, nao wakajibu kwamba binti yetu hajapoteza kitu chochote kwa kuwa hajawahi kuongea. Kwa hiyo mtu mzima aliyepatwa na kiharusi akashindwa kusema analipiwa, lakini mtoto ambaye bado hajatamka neno lake la kwanza halipiwi, ingawa mtaalamu ni yuleyule na chumba ni kilekile. Katika rufaa sikuomba huruma. Nilinukuu kifungu chao, kisha nikawataka wanionyeshe mahali palipoandikwa kwamba uwezo ambao mtoto ameshindwa kuupata kwa sababu ya maradhi haumo, maana orodha ya mambo yasiyolipiwa ilikuwa ndefu na hilo halikutajwa. Nikaongeza Kifungu cha 26 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambacho kinataja huduma za kumjengea mtu uwezo pamoja na zile za kumrejeshea uwezo. Walikubali kulipia, ila kwa kipindi kifupi tu, na barua ya pili haikueleza kwa nini msimamo ulibadilika.

Mzee wa Vifungu: Ndugu BabaPacha, nakupongeza, lakini tusiwapotoshe wazazi. Mkataba ule unazifunga nchi zilizouridhia, wala haulifungi moja kwa moja shirika la bima. Aidha, kwa suala hili Kifungu cha 25 kingekufaa zaidi, kwa sababu aya yake (e) inakataza waziwazi ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika utoaji wa bima ya afya. Hata hivyo ukitaka kumbana mtu, tafuta sheria ya nchi yako inayotekeleza jambo hilo.

BabaPacha: Mzee wangu, barua yangu sikuipeleka kwa jaji. Niliipeleka kwa karani ambaye alihitaji kuona kwamba faili hili linaweza kuvuka meza yake. Kifungu kilifanya kazi niliyokitumia.

Mzee wa Vifungu: Kilifanya kazi kwa bahati.

Dawati la Zamani: Nimewahi kufanya kazi upande wa kupokea madai, kwa hiyo naomba nieleze jambo ambalo wazazi hawaonyeshwi. Mengi ya madai haya huanguka kabla daktari yeyote hajayasoma, kwa sababu ya msimbo wa ugonjwa. Fomu ikija na R62.0 ya ICD-10, yaani toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, maana yake ni kuchelewa kwa hatua za ukuaji tu. Hiyo ni dalili, na mikataba mingi huitenga waziwazi. Mtoto huyohuyo akiandikwa F84.0, ambao ni usonji wa utotoni, au F80.1, ambao ni tatizo la kujieleza kwa lugha, dai lake husomwa kwa kifungu kingine kabisa. Tangu Januari 2022 Shirika la Afya Duniani limeanza kutumia ICD-11, ambamo usonji ni 6A02, na kliniki ikituma msimbo mpya kwa bima ambayo bado inasoma ule wa zamani, dai linarudi. Kabla ya kukata rufaa, ombeni nakala ya fomu iliyotumwa na mwangalie kilichoandikwa pale.

Kipepeo: Kumbe ni ninyi mliokuwa mkituandikia zile barua!

Dawati la Zamani: Dada, mimi nilikuwa nikipiga mhuri wa kupokea. Barua ziliandikwa ghorofa nyingine.

Msema Kweli: Hata huko ghorofani watasema barua ziliandikwa na kompyuta.

Mama Zawadi: Nimesoma habari ya ulazima wa kitabibu nikakumbuka siku ambayo sitaki kuikumbuka. Mwanangu wa mwisho ana mtindio wa ubongo, wa ile aina ambayo misuli hukakamaa. Daktari wa mifupa alimchoma sindano ya botulinamu kwenye misuli ya nyuma ya miguu ili ilegee, na bima ililipia sindano hiyo bila swali. Wenye watoto wa namna hii mnajua kwamba dawa ile hufanya kazi kwa takriban miezi mitatu, na kwamba muda huo wa kulegea ndio wa kumnyoosha mtoto, kumsimamisha na kumfundisha kukanyaga kwa kisigino. Tulikuwa tumeanza vizuri. Siku hiyo alikuwa amesimama katikati ya vyuma viwili, mtaalamu amepiga magoti nyuma yake akimshika magoti yasikunjike, naye anahesabu kwa sauti kwa sababu alikuwa ameahidiwa kwamba akifika ishirini atachagua mpira. Dada wa mapokezi akafungua mlango akasema, mbele yake, kwamba kadi imekataa na huduma isimame, kwani mahudhurio ya mwaka yamekwisha. Mtoto alikuwa amehesabu hadi kumi na tatu. Akanitazama, akanyamaza. Yule mtaalamu hakugeuka hata kidogo. Alimwambia, "Endelea, kumi na nne," na hakumshusha mpaka hesabu ilipotimia, na mpira akauchagua.

Nilipofika nyumbani sikulia, niliandika. Nilieleza kwamba wao wenyewe walilipia sindano, na kwamba kuilipia sindano bila kulipia mazoezi ni sawa na kumlipa fundi achimbe msingi kisha umfukuze kabla hajaweka jiwe. Niliomba mambo matatu: rufaa isikilizwe kwa dharura kwa kuwa dawa inaisha mwilini, nijulishwe taaluma ya aliyetia sahihi uamuzi, na daktari wetu azungumze kwa simu na daktari wao. Ilibainika kwamba aliyetia sahihi hakuwa daktari wa watoto wala wa mishipa ya fahamu. Simu ya madaktari ilimaliza kile ambacho barua zote hazikukimaliza. Mahudhurio yaliongezwa, ingawa wakati huo kisigino cha kushoto kilikuwa kimeanza kuinuka tena na splinti yake, kile kifaa cha kuushikilia mguu, haikaliki.

Kipepeo: Mama Zawadi, pole sana. Huyo dada wa mapokezi aliwahi kukuomba radhi?

Mtulivu: Nami nataka kujua. Je, mtaalamu aliadhibiwa kwa kuendelea?

Mama Zawadi: Sijui kama aliulizwa. Yule dada alikuwa akitumwa, sina kinyongo naye, ila sasa kabla ya kila hudhurio huniita pembeni kuniambia hali ya kadi.

Mzee wa Vifungu: Tusimlilie dada wa mapokezi tukasahau hoja. Ukomo wa mahudhurio ni sharti la mkataba, na ulazima wa kitabibu ni jambo jingine. Ukikatwa kwa ukomo kisha ukajibu kwa kuthibitisha ulazima, umejibu swali ambalo hukuulizwa. Kwa ukomo unaomba nyongeza ya kipekee, jambo ambalo mama huyu alilifanya.

Mtulivu: Ushauri wangu ni kwamba msipige simu kamwe, kila kitu kiwe kwa maandishi, kwa sababu simu haina ushahidi.

BabaPacha: Kwangu maandishi yalikaa kimya hadi nilipopiga simu kila asubuhi. Pigeni, kisha mwandike barua pepe ya kuthibitisha mliyoambiwa na jina la aliyewaambia.

Msema Kweli: Mpelekeni mtoto ofisini kwao asubuhi moja, mmwache awapange majalada yao. Ulazima wa kitabibu watauona kabla ya saa nne.

Kipepeo: Mimi nilimwambia mtaalamu aandike kwamba mtoto hana nafuu yoyote, ili waone hali ni mbaya.

Dawati la Zamani: Dada, hapo pana mtego. Ripoti ikisema hana nafuu, jibu ni kwamba tiba haifai. Ikisema amepata nafuu nyingi, jibu ni kwamba amefikia lengo. Mtaalamu aandike kipimo cha mwanzo, kipimo cha sasa, lengo linalofuata na kitakachopotea tiba ikisimama.

MamaNuru: Kuna mtu ameshaandika namna hiyo? Ningependa kujua maneno hasa yaliyotumika.

Mama Zawadi: Yetu ilieleza kwamba yuko ngazi ya III ya GMFCS, kipimo cha uwezo wa kujongea wa watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani anatembea kwa kushikilia kitembeleo. Ikataja nyuzi ambazo kifundo cha mguu kilikuwa kikikunjuka kabla ya sindano na baada yake, na umbali anaokwenda bila kupumzika. Mwisho ikasema kwamba bila mazoezi misuli itafupika na upasuaji utalazimika, na upasuaji huo umo katika orodha ya wanayolipia. Mstari huo wa mwisho daktari wetu aliupigia mstari kwa kalamu.